Nauli ya Kurudi

Ujumbe wenyewe ulikuwa wa shukrani, na hicho ndicho kilichotisha.

"Asanteni sana Salme Mavazi," aliandika mteja aitwaye Namalwa, wa Kyambogo, saa nne asubuhi. "Mtu wenu amenipigia. Nitakuwa nyumbani saa nane, aniletee tu transpoti yangu. Mungu awabariki."

Sajenti Nafuna aliusoma mara mbili, akamrudishia Salme simu yake. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na dakika tano.

"Nani alimpigia?"

"Si mimi, afande. Wallahi si mimi," Salme alisema. "Sisi hatupeleki pesa kwa mkono. Tunatuma kwa simu, Jumamosi, basi."

Sebule ya Salme, ghorofa ya pili pale Bukoto, Kampala, ndiyo iliyokuwa duka lake. Viatu vilipigwa picha juu ya zulia, vikauzwa kwenye simu, vikaondoka kwa boda. Siku hiyo hakuna kilichoondoka. Mashangazi saba walikuwa wamekaa chini wamejifunika kanga, kama watu waliotangulia msibani kabla maiti hajapatikana. Kila mmoja alikuwa na lake la kusema, na wote walikuwa kimya. Hilo peke yake lilimwambia Nafuna hofu imefika wapi.

Siku tisa zilikuwa zimepita tangu Faridah, fundi cherehani wa Makindye, afungue mlango na kumkuta mtu mwenye helmeti ya kioo cheusi, kashika noti mkononi. Alichomwa kisu mara tatu, akalazimishwa kutaja namba ya siri ya pesa zake za simu, akaachwa kwa kudhaniwa amekufa. Siku nne baadaye ikawa zamu ya Moreen, keshia kutoka Kenya aliyepanga chumba hapo hapo Bukoto. Huyo hakudhaniwa. Alikufa.

Wote wawili walinunua kwa Salme. Wote wawili walirudisha bidhaa. Wote wawili walidai warudishiwe transpoti, gharama ya kupelekewa mzigo.

Bukoto habari haitembei kwa miguu, inapanda boda. Mpaka saluni za Makindye watu walishakata kesi: duka la Salme linaua wanaodai. Na ushahidi walikuwa nao kwenye simu zao, sauti ya Umar, kaka yake Salme, aliyomtumia Faridah siku mbili kabla ya kisu: "Unataka transpoti? Basi nitakuletea mwenyewe, mpaka kitandani kwako!"

Umar alikuwa chumba cha ndani, kajibanza kati ya marobota ya abaya. Nafuna alisimama mlangoni. Nyuma yake, Koplo Otim, mzee wa kustaafu mwakani, alikuwa bado anatafuna sambusa ya shangazi mmojawapo.

"Mpaka kitandani," Nafuna alisema. "Ndiyo maneno yako?"

"Hasira, afande. Mdomo tu."

"Hasira ya nini?"

"Viatu tulikosea namba, nimekubali. Bei yake nirudishe, sawa. Lakini boda ameshakula yake. Petroli imeungua. Mimi nirudishe moshi?"

"Na mwanamke wa watu amekosa nini?" Salme alidakia kutoka sebuleni. "Kaagiza thelathini na nane, wewe umemfungia arobaini na moja! Aliyekosea ndiye abebe safari, ya kwenda na ya kurudi. Yule wakili mteja wetu si alitueleza? Sheria haimwachii mnunuzi alipie kosa la muuzaji. Na kwenye grupu ya wateja nimeandika kwa herufi kubwa."

"Umeandika, na sasa tunaitwa wauaji."

"Tunaitwa wauaji kwa mdomo wako!"

"Ijumaa, Moreen alipouawa, ulikuwa wapi?" Nafuna alimkatiza.

"Humu humu. Tangu Ijumaa sijatoka. Nitoke wanichome na tairi?"

Mashangazi walitikisa vichwa kwa pamoja. Mashahidi saba, Nafuna alihesabu, na wote ndugu. Hakimu angewacheka.

"Mteja akirudisha kitu, mnafanyaje? Nieleze hatua kwa hatua."

Salme alieleza. Mteja hufunga bidhaa mwenyewe, huweka ndani karatasi yenye jina, namba ya simu, alilipa ngapi kupelekewa na amelipa ngapi kurudisha. Juu anaandika jina lake tu. Anampa boda yeyote wa mtaani kwake. Vifurushi vinakaa kwenye kona ile pale, vinafunguliwa Jumamosi, kila mtu anatumiwa yake.

Kwenye kona kulikuwa na viwili. Kimoja kimeandikwa MOREEN, kingine NAMALWA.

"Mbona hiki cha marehemu hakijafunguliwa?"

"Nani akiguse, afande?"

Nafuna alikichunguza pande zote. Gundi ilikuwa nzima, hakuna mahali palipochanwa wala kubandikwa upya. Akakata kwa kisu cha mfukoni. Ndani kulikuwa na viatu vyekundu na karatasi iliyokunjwa vizuri. *Kuleta 2,500. Kurudisha 2,000. Viatu vizuri sana ila mguu wangu umekataa.* Chini, mwenye kuandika alikuwa amechora uso unaocheka.

Shangazi mmoja alijifunika kanga mpaka machoni.

"Jirani wa Moreen alisikia kupitia ukutani," Nafuna alisema polepole. "Mtu alibisha, akasema, 'Nimeleta ile elfu mbili na mia tano yako.' Faridah, kwenye kitanda cha hospitali, ananiambia naye alitajiwa hesabu yake kabla hajaitaja. Elfu kumi na moja. Umar, karatasi ya Faridah iko wapi?"

Umar alichomoa kwenye droo. Kuleta 11,000. Kurudisha 10,000.

Nafuna alipiga simu Kyambogo, akaiweka sauti kubwa. Namalwa alikuwa karani wa maktaba, leo siku yake ya mapumziko. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuambiwa kila kitu na Salme, na anajuta kuambiwa.

"Dada, aliyekupigia alikutajia kiasi?"

"Elfu saba, afande."

"Na ya kurudisha?"

"Hakuitaja. Nilidhani atakuja nazo zote."

Otim alikuwa amefungua kifurushi cha pili. Aliinua karatasi. Kuleta 7,000. Kurudisha 6,000.

"Afande, nitoke humu?" Namalwa aliuliza. "Majirani wengi wako kazini. Njia ya kutokea ni moja, na mimi sura yake siijui. Nikipishana naye si nitamsalimia?"

Nafuna aliitazama saa ya ukutani.

"Baki ndani," Nafuna alisema. "Funga komeo. Saa saba unusu mimi na koplo tutakuwa chumbani kwako, na akija atatukuta sisi. Kabla ya hapo usimfungulie mtu. Hata anayekujua."

Alikata simu, akaweka karatasi tatu juu ya zulia, pale palipokuwa pa kupigia picha viatu.

"Mtu huyu anajua ya kwenda," alisema. "Ya kurudi haijui. Umar angesoma karatasi hizi, angezijua zote mbili. Na hii ya Moreen imefunguliwa sasa hivi mbele yenu. Salme, ya kwenda nyinyi mnaijua?"

"Tuijulie wapi? Mteja anaelewana bei na boda kwa simu, anamlipa mlangoni kwake. Tunaijua akirudisha."

"Waliopeleka hizi tatu ni boda mmoja?"

"Watatu tofauti. Makindye alikwenda Abudu. Wengine wawili nao mbali mbali. Wote wa steji hii ya boda hapa chini."

"Basi nani anajua bei ya wote watatu?"

Mlango ulikuwa umefunguka, na Mama Kulusum, muuza chai wa pale steji, alikuwa ameingia na birika na vikombe alivyoagizwa na mashangazi. Mwanamke wa Kinubi, mzee, mwenye mgongo uliopinda kwa miaka ya moto wa mkaa.

"Hiyo si iko kwa kitabu?" alisema, akianza kumimina.

Vichwa vyote vilimgeukia.

"Kitabu gani, mama?"

"Kitabu ya steji. Wewe hujui? Mwaka jana si abiria walikuwa naua vijana yetu, nachukua pikipiki? Ndiyo chairman ya steji akaweka sheria. Boda akitoka, anaandika: naenda wapi, jina na namba ya mtu, bei gani. Akirudi anatia saini. Asiporudi, tunajua kwa kutafuta. Kitabu ya kutulinda, nnyabo, mama yangu."

"Kinakaa kwa nani?"

"Kwa chairman. Wanjala. Analala nayo."

Alichukua simu yake, akaandika namba iliyompigia Namalwa asubuhi, ambayo Namalwa alikuwa amemtumia Salme, akafanya kama anaitumia shilingi mia tano. Kampala nzima inaujua ujanja huu: kabla hujaweka namba yako ya siri, simu inakuonyesha jina la mwenye laini, ili usitume kwa mtu mwingine. Mtu huyu alikuwa amempigia kila mwanamke kwa namba tofauti, na mbili za kwanza zilikuwa zimekufa. Hii ilikuwa hai.

Jina lilitokea. Alilisoma, akainua macho.

"Mama, jina lako la pili nani?"

"Rehan."

"Kulusum Rehan."

"Eeh."

Nafuna alimgeuzia simu. Chai iliendelea kumiminika, ikajaza kikombe, ikajaza sahani, ikaanza kutambaa kwenye zulia.

"Banange," Kulusum alinong'ona. "Mimi sina simu ya pesa, afande. Chairman alikuja kwa mimi mwezi jana. Kasema kitambulisho yake imepotea, anataka laini ya kukusanya michango. Nilimpa yangu. Chairman, afande! Nani anaweza kumnyima chairman?"

"Michango ya nini?"

"Ya mazishi. Ya huyo Moreen alikusanya juzi. Mimi nilitoa elfu mbili."

Nafuna alisogea dirishani, akaliacha pazia lilivyo, akachungulia pembeni. Chini, ng'ambo ya barabara, pikipiki zilikuwa zimepangwa kama meno. Katikati yake mwanamume mnene wa miaka hamsini alikuwa akisimulia kitu, mikono hewani, na vijana wote wamejikunja kwa kicheko. Alimjua. Nani asingemjua? Ndiye aliyembeba mama yake Faridah kumpeleka hospitali, bure. Ndiye aliyemletea Nafuna kiti Ijumaa, pale nje ya chumba cha Moreen, akamwambia, "Kaa, afande, umesimama sana." Na kutoka steji ile alikuwa akiona kila kifurushi kinachorudi kwa Salme, na jina limeandikwa juu.

Wanjala aliangalia saa yake. Kisha aliinua uso, moja kwa moja mpaka dirisha la ghorofa ya pili, akatabasamu na kupunga mkono.

Nafuna alirudi nyuma hatua moja.

"Ameniona?" aliuliza.

"Anapunga kila siku," Salme alisema kwa sauti kavu. "Kila akitoka anatupungia."

Chini, injini iliwaka. Helmeti ilishuka kichwani, kioo cheusi kikashuka juu ya tabasamu, na pikipiki ikaingia barabarani kuelekea upande wa Ntinda, njia ya Kyambogo.

Saa saba kasoro robo. Saa nzima na robo kabla ya ahadi.

"Faridah naye alisema mtu huyo aliwahi kufika," Otim alikumbuka, sambusa imesimama mdomoni.

"Gari!"

"Gari, sajenti, mbele kuna foleni tangu asubuhi. Tutafika jioni."

"Boda, basi."

"Wa steji ile?" Salme aliuliza.

Wakatazamana. Kutoka chumba cha ndani Umar alijitokeza, nyuzi za abaya zimemganda nywelani, funguo mkononi.

"Yangu iko nyuma ya nyumba," alisema.

"Vaa helmeti, usiivue," Nafuna alimwambia wakishuka ngazi. "Na tukifika usifungue mdomo. Sauti yako mji huu inajulikana kuliko ya mwadhini."

Walitoka kwa njia ya nyuma, kati ya kamba za nguo. Nafuna aliisukuma simu ndani ya helmeti aliyopewa na Umar, ikabanwa sikioni. Namalwa alipokea mlio wa kwanza.

"Usikate hii simu," Nafuna alisema. "Komeo umefunga?"

"Nimefunga. Afande, mbona unapiga kelele?"

"Niko njiani. Anakuja mapema. Kaa mbali na mlango."

Umar aliendesha kama mtu anayefukuzwa, na kweli alikuwa anafukuzwa, mji mzima ulikuwa nyuma yake. Alipita kati ya malori, akapanda ukingo wa barabara, akamkosa muuza maembe kwa kidole. Nafuna hakuona chochote. Alikuwa akisikiliza chumba cha Kyambogo: bomba linalodondosha, redio ya mbali, pumzi ya Namalwa.

Kisha pikipiki, ndani ya simu. Ikakaribia. Ikazimwa.

Hatua nzito zikapanda kibarazani, bila kuuliza njia, bila kupiga simu ya "toka nje nikuone" ambayo kila boda hupiga. Kitabu kilimwelekeza mpaka rangi ya mlango.

"Hodi, dada. Ni wa Salme. Nimewahi kidogo, utanisamehe."

Sauti ilikuwa nzuri. Ilikuwa sauti ya mtu unayemkaribisha chakula.

"Mwambie unavaa," Nafuna alisema.

"Subiri, ssebo," Namalwa aliita. "Ninavaa."

"Kale, haya, vaa tu, dada yangu. Leo hatuna haraka."

"Muulize ya kurudi."

Bomba likadondosha mara tatu.

"Ssebo, umeleta na ya kurudisha?"

"Nimeleta yote."

"Ni ngapi?"

"Elfu saba yako, dada. Si ndiyo?"

"Hiyo ni ya kuleta. Nauliza ya kurudisha."

Nafuna alisikia viatu vikijongea, kitu kikiegemea mbao. Sauti iliporudi ilikuwa karibu sana, imeshuka, na ule uzuri wote umetoka.

"Dada. Uko na nani humo ndani?"

Komeo lilitikisika. Mara moja, kwa upole, kama anayepima. Mara ya pili mlango mzima ulilia.

"Piga kelele!" Nafuna alisema. "Sema mwizi! Namalwa, sema!"

Hakuna kilichotoka. Pumzi tu, fupi fupi, kama ya kuku aliyeshikwa. Mbao zilianza kupasuka.

"Weka simu sauti kubwa! Iweke dirishani! Dirishani, Namalwa!"

Kulikuwa na kishindo cha kitu kuanguka, kisha upepo. Nafuna aliichomoa simu, akaipeleka mbele, chini ya kidevu cha Umar.

"Sasa fungua mdomo," alisema.

Na Umar akaufungua. Hasira ya siku tisa, woga wa siku tisa, vyote vilitoka kifuani mwake vikaingia kwenye simu, vikatokea Kyambogo kwenye dirisha la mwanamke aliyepoteza sauti. "Mwizi! Mwizi huyooo! Mwizi mlangoni! Tokeni, anaua mtu, mwiziii!" Watu wa barabarani waligeuka. Hosteli ya wanafunzi iliyopakana na vyumba vile ilifunguka milango kama mzinga uliopigwa jiwe.

Dakika nne baadaye Nafuna aliruka pikipiki ikiwa bado inakwenda. Ua ulikuwa umejaa. Walikuwa wamemlaza kifudifudi kwenye matope ya maji ya kufulia, mwanamke mmoja kamkalia mgongoni, wanafunzi wamezunguka, na mtu wa nyuma kabisa alishapata tofali.

"Mimi chairman!" Wanjala alikuwa akilia. "Mimi chairman wa Bukoto! Ulizeni, watu yangu wananijua!"

"Polisi!" Nafuna alipasua katikati. Alipiga goti juu ya bega la Wanjala, akamfunga pingu kabla ya kumtazama usoni. Kisu kilikuwa ndani ya koti, kimefungwa kwenye kitambaa kisafi. Daftari lilikuwa ndani ya shati, juu ya tumbo, lina joto. Noti za elfu saba zilikuwa zimetawanyika matopeni, na katika umati wote ule hakuna aliyeinama kuziokota.

Mwenye tofali alisogea. Nafuna alisimama mbele yake.

"Huyu atasema mbele ya hakimu aliwafanya nini Faridah na Moreen," alisema. "Ukimuua, nani atasema? Weka."

Tofali lilishushwa, polepole. Umar alisimama kando ya pikipiki na helmeti yake kichwani, kama alivyoambiwa.

Otim alifika na gari lililokwaruzwa ubavu, akamchukua mtuhumiwa. Watu walianza kutawanyika kwa shida, kila mmoja akiwa ameona zaidi ya mwenzake. Ndipo Nafuna alipopanda kibarazani. Mlango ulikuwa umepasuka kuanzia juu mpaka kwenye bawaba, lakini ulikuwa umesimama.

"Namalwa. Ni Sajenti Nafuna. Amekwenda. Amefungwa pingu, nimemfunga mwenyewe."

"Nimekusikia, afande."

"Fungua basi tuzungumze."

"Ndiyo, afande."

Akangoja. Jirani alikuja na kikombe cha uji, akasimama naye. Kupitia ule ufa Nafuna aliona kipande cha gauni la bluu, na mkono umeshika komeo.

"Namalwa?"

"Nataka kufungua," sauti ya ndani ilisema, na ilikuwa ikilia sasa. "Mkono ndio haukubali."

Nafuna alipokea uji kutoka kwa jirani, akamshukuru, akauweka chini. Kisha akaketi kwenye kizingiti, mgongo kwenye mbao zilizovunjika, uso kwenye ua, ili atakayekuja amkute yeye kwanza.

"Usifungue," alisema. "Mimi nipo hapa nje. Wewe nizungumzie tu."